UZI: Kusomea tiba ya upumuaji (RT) ukiwa Marekani, nani kapita njia hii?

Msafiri_Tukuyu

Wakuu, habari za majukumu. Niko Columbus, Ohio. Nilikuja kwa bahati nasibu ya viza, grini kadi ninayo. Nyumbani nilimaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB, halafu mambo ya ada yakagoma. Hapa napiga boksi kama wengi wetu: CNA, yaani msaidizi wa nesi, kwenye nyumba ya wazee, zamu za usiku.

Kuna mzee pale anapumulia tundu la shingoni. Makohozi yakimzidi anaitwa jamaa mmoja mwenye sare tofauti na za manesi. Anasafisha ule mrija, anasikiliza kifua, anabonyeza mashine mara mbili tatu, mzee anatulia. Nikauliza huyu ni daktari? Nikaambiwa hapana, ni RT, mtaalamu wa tiba ya upumuaji. Bongo sijawahi kuisikia kada hii.

Naomba muongozo kwa aliyepita: inasomwa wapi, miaka mingapi, inalipa? Mke wangu anasema nisome unesi kama watu wote, niache kutafuta vichochoro. Natanguliza shukrani.

Kipanga_wa_Dom

Msikilize shemeji yetu. Unesi unaubeba popote duniani. Hiyo RT siku ukirudi Bongo utamwambia nani? Utaishia kuuza mitungi ya oksijeni Kariakoo.

BiPumzi

Kaka Msafiri, karibu kwenye chama cha watu wa makohozi. Mimi mzaliwa wa Tanga, RT hapa Houston, ICU (wodi ya mahututi) ya watu wazima. Kipanga nitakujibu baadaye, hoja yako si ya kupuuzwa.

Kabla hujatoa hata senti, jambo la kwanza ni ithibati. Herufi za kutafuta ni CoARC, chombo kinachozipa ithibati programu za RT. Programu isiyo na ithibati ya CoARC haikufikishi kwenye mtihani wa NBRC, bodi ya taifa inayotahini RT, na bila NBRC hakuna leseni, hata cheti chao kiwe na mihuri ya dhahabu. Jimbo pekee lisilotoa leseni ya RT ni Alaska. Kwingine kote humgusi mgonjwa bila hiyo leseni. Ingia tovuti ya CoARC, chagua Ohio, soma orodha.

Na usiishie kwenye jina la chuo. CoARC wanaweka hadharani matokeo ya kila programu: wangapi wamefaulu mtihani, wangapi wameacha njiani, wangapi wamepata kazi. Mimi ningeanza na hao walioacha njiani. Chuo kinaweza kujisifu kwa ufaulu mkubwa kumbe kimechuja nusu ya darasa kabla ya siku ya mtihani, na hao waliochujwa ada yao haikurudi.

Muda: kuna masomo ya awali kwanza, anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, kemia, hesabu, Kiingereza cha kuandika. Ukiwa unafanya kazi, weka mwaka mmoja hivi. Kisha programu yenyewe, ambayo kwa ngazi ya asosieti (chini ya digrii kamili) kwenye komyuniti koleji, chuo cha umma cha eneo lako, ni kama miaka miwili, mchana, na siku za hospitali zinaanza alfajiri. Zipo pia za digrii ya miaka minne. PCB yako itakusaidia sana kichwani. Kwenye karatasi, vyeti vya NECTA vinahitaji kutathminiwa na kampuni kama WES, na chuo ndicho kitaamua kinakubali nini.

Mtihani: kwanza TMC, maswali 160, saa tatu, na 140 tu ndiyo yanayohesabiwa. Una alama mbili za kufaulia. Ukivuka ya chini unakuwa CRT, daraja la chini la RT. Ukivuka ya juu unaruhusiwa kufanya wa pili, CSE, ambao ni wagonjwa wa kwenye kompyuta: unapewa hali, unachagua kipimo, unachagua tiba, na kila uamuzi unafungua mwingine. Ukifaulu huo ndipo unaitwa RRT, daraja la juu. Ohio na California hawakupi leseni mpya bila RRT, kwa hiyo kwako wewe habari ya kuishia CRT haipo. NBRC hubadilisha mitihani yao mara kwa mara, kwa hiyo ukifika mwaka wa mwisho soma mwongozo wao wa wakati huo, usitegemee uzi huu.

Msafiri_Tukuyu

Dada shukrani sana, hii ya orodha ya matokeo sikuijua. Nimeona chuo kimoja mtandaoni kinasema unasoma nyumbani miezi kadhaa tu unapata cheti cha upumuaji. Kimbia?

BiPumzi

Kimbia bila kugeuka. Kuchoma ateri ya mkono na kutoa mrija kooni hakufundishwi kwa video. Zipo programu halali za mtandaoni, lakini ni za mtu ambaye tayari ni RRT wa asosieti anayemalizia digrii. Ukiona wanamwahidi mtu asiye na leseni, hao wanatafuta kadi yako ya benki.

Kaka_Elbow

Fedha jamani. Mtu wa boksi anasoma mchana miaka miwili anakula nini?

BiPumzi

Mwenye grini kadi anajaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, kama raia. Ukiwa na kipato kidogo unaweza kupata Pell Grant, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni dola 7,395, na hairudishwi. Kwenye komyuniti koleji ya jimbo lako hiyo inakula sehemu kubwa ya ada, pengine yote. Tahadhari: lazima uwe umekaa jimboni muda unaotakiwa ili ulipe ada ya mkazi, vinginevyo bei inapanda vibaya.

Chakula ndiyo mtihani wenyewe. Wengi hushika zamu za wikiendi. Lakini kuna jambo watu hawaulizi: majimbo kadhaa, Ohio likiwemo, yana kibali maalumu kinachomruhusu mwanafunzi wa RT aliyekwisha anza programu kufanya kazi za upumuaji hospitalini chini ya msimamizi. Malipo yanazidi ya CNA, na unajenga jina mahali utakapoomba ajira. Mwulize mkuu wa programu siku ya kwanza.

Kuhusu kulipa: takwimu za serikali za Mei 2024 zinaonyesha mshahara wa katikati wa RT ni dola 80,450 kwa mwaka, wa nesi aliyesajiliwa 93,600. Kwa hiyo mkeo hajakosea kihesabu. Zamu kwa kawaida ni saa 12, tatu kwa wiki.

Ndovu_Mpole

Niko Nairobi, nesi wa ICU. Niunge mkono pande zote mbili kidogo.

Huku kwetu ventileta, mashine za kupumulisha, zinaendeshwa na sisi manesi wa ICU pamoja na watu wa nusukaputi, na wenzetu wa fiziotherapia wanafanya kazi kubwa ya kutoa makohozi na kumfundisha mgonjwa kupumua upya. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wanafundisha uuguzi wa wagonjwa mahututi, na Dar pale MUHAS, Chuo Kikuu cha Muhimbili, kuna shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Kwa hiyo kazi ya RT ipo, ila imegawanywa kwa kada nyingine. Corona ilipoingia 2020 kila kikao kilikuwa cha kuhesabu ventileta. Waliohesabu watu wanaojua kuziweka sawa usiku wa manane walikuwa wachache.

Mwanafunzi wa kidato cha nne au sita aliye huku nyumbani akiniuliza, nitamwambia fanya unesi au fizio. Ila Msafiri hayuko nyumbani, yuko Ohio na ana karatasi. Hesabu yake ni nyingine.

Kipanga_wa_Dom

Haya, hapo nimekuelewa nesi. Lakini mdogo wangu yuko Bongo, ameona video za RT wanavyolipwa, anataka kwenda India kusoma halafu aingie Marekani. Mpeni ukweli.

BiPumzi

Kipanga, hapa ndipo nilipotaka tufike, maana vijana wengi wanapotea hapa.

India kweli wanafundisha, Manipal kwa mfano wana digrii ya tiba ya upumuaji inayojulikana. Tatizo si ubora. Tatizo ni kwamba NBRC inamtaka aliyemaliza programu ya CoARC, na mtu wa India atakuja kuambiwa arudi darasani Marekani. Pili, uhamiaji. Manesi na wafiziotherapia wako kwenye orodha ya Marekani inayoitwa Schedule A: mwajiri wao anaruka hatua ya kuthibitisha kwamba amekosa Mmarekani wa kazi hiyo. RT hayumo. Hospitali ikitaka kumleta RT kutoka nje lazima ipitie mzunguko wote, na zenye moyo huo ni chache.

Kwa ufupi, RT ni kazi nzuri kwa aliyekwisha fika na ana karatasi. Kama njia ya kutokea nyumbani, ni mlango mwembamba mno. Mdogo wako kama shabaha ni Marekani, unesi.

Ustadh_Jeddah

Assalaam aleykum. Niongezee upande wa Ghuba. Huku Saudia RT ni kada kamili, digrii ya miaka minne pamoja na mwaka wa mafunzo hospitalini. Ukitoka nje unahitaji digrii, vyeti vyako vihakikiwe na kampuni ya DataFlow, ufaulu mtihani wa tume yao ya utaalamu wa afya, SCFHS, ndipo upangiwe daraja. Wafilipino na Wahindi wapo wengi. Kwao Ufilipino kuna sheria ya RT tangu 2010, wanatoka na leseni mkononi. Kwa hiyo digrii ya India huku ina mahali pa kwenda. Lakini ajira za wageni zinabanwa mwaka hadi mwaka kwa sababu vijana wa Kisaudi wanahitimu kwa wingi kada hii. Asije mtu akauza shamba la babu kwa ahadi ya wakala.

Mwana_Kivu

Bandugu, jambo. Miye niko Montréal. Huku Québec kazi hii inaitwa inhalothérapeute. Inasomwa ku cégep, chuo ya kati ya huku, miaka tatu, unapata diploma, DEC, kisha unaingia ku Ordre, chama ya kazi, OPIQ. Kwa mukaaji wa Québec masomo ya cégep iko bei ya chini sana. Kitu moja yenye iko tofauti na Marekani: sisi tunaingia sana ku bloc ya upasuaji, tunasaidia daktari wa anestesia (nusukaputi). Kama uko na Kifaransa ya shule ya Bukavu ao Goma ao Lubumbashi, usiiache ilale. Wale wa Ontario na Alberta wanasoma kwa Kingereza na wako na chama zao.

Zai_wa_Leicester

Na Uingereza je? Niko Leicester, nimetafuta chuo cha RT sioni.

BiPumzi

Hutaiona dada, Uingereza kada hiyo haipo kwa jina hilo. Kazi wamegawana fizio wa upumuaji, manesi wa ICU, na wale wa vipimo vya mapafu wanaoitwa wanafiziolojia wa upumuaji. Ukiwa huko, fizio ndiyo inayokaribia zaidi, na fizio ukiisomea inasafiri.

Msafiri_Tukuyu

Mambo ya njia nimeelewa. Sasa nataka kujua kazi yenyewe. Darasani ni nini kinawaangusha watu? Msinifiche.

BiPumzi

Gesi za damu na ventileta. Hivyo viwili.

Watu wanaingia wakidhani RT ni mtu wa oksijeni. Oksijeni ni nusu ya habari, tena nusu nyepesi. Kupumua kuna kazi mbili: kuingiza oksijeni na kutoa kaboni dioksidi. Mgonjwa anaweza kuwa na kidole kinachosoma oksijeni asilimia 97 huku kaboni inampandia mpaka analala usingizi ambao hataamka. Kile kipimo cha kidoleni hakioni kaboni kabisa. Ndiyo maana tunachoma ateri: tunataka pH, kipimo cha asidi ya damu, iwe kati ya 7.35 na 7.45, na kaboni, 35 hadi 45. Utahesabu hizo namba mpaka uziote.

Ventileta nayo. Swali la kwanza mwalimu wetu alilouliza: wanaume wawili wana urefu wa sentimita 170, mmoja kilo 65, mwingine kilo 120, nani anapewa pumzi kubwa? Darasa zima likasema wa kilo 120. Jibu ni sawasawa wote. Mapafu hayanenepi. Unachukua urefu, toa 152.4, zidisha kwa 0.91, jumlisha 50 kwa mwanamume au 45.5 kwa mwanamke. Huyo wa 170 anatoka kilo 66, na kwa mililita 6 kila kilo unampa kama mililita 400, unene wake wowote. Zamani watu walikuwa wanatoa mara mbili ya hapo wakiamini wanasaidia. Mwaka 2000 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani wa wagonjwa wenye mapafu yaliyofura: kundi la mililita 12 walikufa karibu asilimia 40, la mililita 6 asilimia 31. Hakuna dawa mpya iliyotumika pale. Ni mtu aliyepunguza namba moja kwenye mashine. Mimi nilipoelewa hilo ndipo nilipoacha kuona kazi hii kama ya kubadilisha mitungi.

Ndovu_Mpole

Na ukipima urefu, pima kwa futi ya utepe, usimwangalie mtu amelala ukakisia. Watu warefu wakilala wanadanganya.

BiPumzi

Kweli kabisa nesi. Na usiamini urefu ulioandikwa kwenye leseni ya udereva, hasa ya wanaume.

Kaka_Elbow

😂😂 Tumeguswa.

Mama_Njiti

Nashuka na upande wangu. Mkenya, RT wa wodi ya watoto wachanga, Minnesota. Ukishapata RRT unaweza kuongeza utaalamu wa watoto, NPS. Mtoto njiti anazaliwa mapafu yake hayajatengeneza vya kutosha ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandane anapotoa pumzi, unaitwa safaktanti. Tunampa safaktanti moja kwa moja kwenye njia ya hewa, na tunamsaidia kwa CPAP, hewa yenye mgandamizo wa kudumu puani.

Sasa wa nyumbani sikilizeni: CPAP ya mapovu inayotumika hospitali nyingi za Kenya na Tanzania si kitu cha kimaskini. Unazamisha ncha ya mrija wa kutolea pumzi kwenye chupa ya maji, sentimita tano chini ya maji ni mgandamizo wa sentimita tano. Kina ndicho kipimo. Huku nina mashine za bei ya nyumba na bado mapovu tunayatumia, madaktari wetu wengine wanayapenda kuliko mashine. Ukiona maji hayatoi mapovu, usianze kulaumu chupa, angalia pua ya mtoto: kuna mahali hewa inavuja, au mdomo uko wazi.

Msafiri_Tukuyu

Mama_Njiti ubarikiwe. Swali la pembeni: chuo kinataka kipimo cha kifua kikuu. Mimi nilichanjwa BCG utotoni, kovu liko begani. CNA mwenzangu aliambiwa ana TB kwa sababu ya kile kisindano cha mkononi.

BiPumzi

Hilo linawapata Waafrika wengi. Kisindano cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG. Omba kipimo cha damu, IGRA, hicho hakichanganywi na BCG. Kikitoka hasi umemaliza. Kikitoka chanya unapigwa eksirei na kuonana na daktari, maana inaweza kuwa maambukizi yaliyolala, na yana dawa zake. Usikubali kuandikiwa eksirei kila mwaka kwa kovu la begani. Andaa pia chanjo ya homa ya ini B, kipimo cha dawa za kulevya, na ukaguzi wa rekodi ya polisi.

Ustadh_Jeddah

Na ndevu? Kijana wangu mmoja Texas aliambiwa anyoe ili barakoa ya N95 ikae.

BiPumzi

Ustadh, N95 haizibi kwenye ndevu, huo ni ukweli wa barakoa na si chuki ya mtu. Lakini ipo kofia yenye feni inayosukuma hewa safi, PAPR, haihitaji uso kunyolewa. Aombe mapema kwa maandishi ofisini, kabla ya siku ya kupimwa barakoa. Akisubiri siku yenyewe atakuta mtu wa zamu hana mamlaka, anajibu anachojua tu: nyoa.

Zai_wa_Leicester

Dada BiPumzi, kuna jambo nasita kuliuliza. Mashine ikizimwa, nani anazima?

BiPumzi

RT. Daktari anaandika amri, familia imeshakaa kikao, nesi anatoa dawa za kumtuliza mgonjwa, anayetoa mrija ni sisi. Brosha za vyuo haziandiki hilo, na ningependa Msafiri alijue kabla hajajaza fomu.

Inavyofanyika: unazima kwanza sauti za tahadhari ili chumba kisipigiwe kengele. Unahakikisha dawa ya maumivu na ya kuhema imeingia kabla, si baada. Unavuta makohozi, unatoa mrija, unamfuta uso. Unabaki. Familia nyingine wanasali, nyingine wanataka muziki, kuna walioniomba nisome Yasin nilipowaambia mimi Muislamu. Wenzangu wawili waliacha ICU kwa sababu ya hili wakahamia maabara ya vipimo vya mapafu, Jumatatu hadi Ijumaa, na hakuna anayewacheka. Mimi nimebaki.

Kipanga_wa_Dom

Dah. Nilikuwa nataka kutania, nimefuta.

Mwana_Kivu

Historia kidogo, juu ya kurudisha roho. Mwaka 1952 ku Copenhagen polio ilipiga watu wengi, mashine za kupumulisha zilikuwa kidogo sana. Daktari wa anestesia, Bjørn Ibsen, akasema tutoboe shingo, tutie mrija, tuminye mufuko ya hewa na mukono. Wakaita banafunzi ba udaktari, mamia, bakakaa kando ya kitanda zamu kwa zamu usiku na muchana, kuminya tu. Balimu wetu wanaanza na hii kila mwaka. ICU ilizaliwa ku mikono.

Kaka_Elbow

Swali la mjinga: albuterol wanayotoa huku kwenye nebulaiza, mashine ya kugeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, ndiyo nini kwa Kibongo? Mama yangu ana pumu, nataka nimwelezee.

Mama_Njiti

Ni salbutamol ileile, jina tu. Inheila ya bluu ya mama. Mwambie akiitumia zaidi ya mara mbili kwa wiki kwa kubanwa, pumu haijadhibitiwa, amuone daktari kuhusu dawa ya kila siku ya kupunguza uvimbe wa ndani. Na atumie kibweta cha kuvutia, spesa, bila hicho dawa nyingi inaishia ulimini.

Msafiri_Tukuyu

Wakuu, nimekaa na mke wangu tumesoma uzi wote. Ameulainisha msimamo, ila ana swali moja la haki: kwa nini dada BiPumzi hukusoma unesi wenye mshahara mkubwa?

BiPumzi

Msalimie sana wifi. Nesi ana wagonjwa wake wawili na kila kitu chao: dawa, kidonda, choo, simu za ndugu. Mimi nina ICU nzima lakini kitu kimoja. Napenda kukijua kitu kimoja mpaka chini. Mwenye kupenda kumjua mgonjwa mzima, na mwenye kutaka njia nyingi za kupanda huko mbele, asome unesi, na nasema hivyo bila kinyongo. RT ngazi zake ni fupi: unaweza kuwa msimamizi, mwalimu, mtu wa usafiri wa wagonjwa kwa helikopta, au kusoma zaidi, lakini milango si mingi kama ya nesi.

Jipime hivi. Omba kukaa na RT zamu moja, hospitali nyingi zinaruhusu mtu anayetaka kujiunga na programu, na vyuo vingine vinalazimisha. Makohozi yakikuchefua saa ya kwanza ni kawaida. Yakikuchefua bado saa ya kumi na mbili, nenda unesi.

Msafiri_Tukuyu

Poa. Nimeshatuma barua pepe vyuo viwili kuulizia hiyo siku. Tupieni basi swali moja la darasani nijipime.

BiPumzi

Haya. Dada wa miaka 24, pumu kali, yuko mapokezi ya dharura. Anapumua mara 34 kwa dakika, anaongea neno mojamoja. Amepewa nebulaiza tatu. Gesi ya ateri: pH 7.38, kaboni 42, oksijeni 68 akiwa na oksijeni puani. Daktari mwanafunzi anasema pH iko sawa, kaboni iko sawa, apelekwe wodi ya kawaida. Unakubali?

Msafiri_Tukuyu

Kaboni 35 hadi 45, yeye 42. pH sawa. Oksijeni iko chini kidogo, naongeza oksijeni. Nakubali aende wodini?

Kaka_Elbow

Namba ziko sawa hapo. Wodini.

Ndovu_Mpole

Haendi popote. Anachoka.

BiPumzi

Nesi kamaliza. Msafiri, tazama mara 34 kwa dakika. Mtu anayehema hivyo anapaswa kuwa ametupa kaboni nje mpaka 30 au chini. Saa moja nyuma huenda ilikuwa hivyo. Sasa imepanda hadi 42 huku bado anahema vilevile, maana yake hewa inayofika chini inapungua na misuli inaishiwa. Kipimo kinachofuata kitakuwa 55, na hapo ataacha kuhangaika, chumba kitadhani amepata nafuu. Oksijeni utaongeza, ndiyo, lakini haitoi kaboni. Huyu anabaki hapohapo: nebulaiza mfululizo, steroidi, magnesiamu kwenye mshipa, daktari mkubwa aitwe sasa, na vifaa vya kuweka mrija viwe kando ya kitanda kabla ya kuhitajika. Kifua chake sikiliza kila dakika chache. Mluzi wa kifuani ukipotea ghafla na yeye hajapata nafuu, hiyo ni mbaya kuliko mluzi.

Msafiri_Tukuyu

Mluzi ukipotea si ndiyo amepona?

Mama_Njiti

Mluzi unahitaji hewa inayopita, Msafiri.